Amestaafu Jeshi, Lakini Usiku Bado Yuko Boni

Assalamu alaykum,

Naandika kutoka Amu, mji wa Lamu, mtaa wa Langoni. Mume wangu alikuwa sajini jeshini. Alikwenda Somalia mara mbili, baadaye akapelekwa msitu wa Boni, upande wa Kiunga. Huko gari lao lilikanyaga bomu la kutegwa. Wenzake wawili walifariki palepale. Yeye alitoka mzima, ila sikio la kulia lilivuja damu. Alilazwa siku chache akarudishwa kazini. Mwaka juzi muda wake uliisha, akarudi nyumbani na pensheni ya kila mwezi.

Tangu arudi, usiku halali. Hukaa dakani, pale mlangoni, na tochi mpaka adhana ya alfajiri, na mlango wa jirani ukilia hutoka kuangalia. Akipitiwa na usingizi hupiga kelele na kutoa amri kwa watu tusiowaona. Ramadhani iliyopita nilimgusa bega nimwamshe kwa daku, akanikaba koo. Alipozindukana alilia, na tangu siku hiyo hulala ukumbini peke yake. Siku ya Idi watoto walilipua fataki uchochoroni, akajitupa chini mbele ya wageni. Ijumaa haendi tena msikitini. Kichwa humuuma karibu kila siku. Anameza tramadoli ya maumivu na Valium ya usingizi anazonunua bila cheti cha daktari, na mchana anatafuna muguka asisinzie. Kijana wetu wa miaka 14 ameanza kumjibu kwa ukali. Wiki iliyopita aliniambia, "Mngekaa kwa amani kama nisingerudi." Maneno hayo hayanitoki.

Mama mkwe anasema ni pepo la msituni, na ametuletea mwalimu wa kumsomea. Shemeji anasema ni uvivu. Niliwahi kuulizia fidia ya sikio na kichwa katika ofisi moja, nikaambiwa mtu akishatoka kazini basi.

Naomba mnijibu. Hili ni pepo au ni maradhi? Nimpeleke wapi bila mji mzima kujua, maana akisikia neno wazimu hatoki nje? Fidia kweli imepita? Na je, nichukue watoto nirudi kwa mama, Faza?

Mama Watoto, Langoni

JIBU

Wa alaykum salaam, dada yetu. Tunaanza na lile neno la wiki iliyopita. Mengine yote uliyotuandikia yanaweza kungoja siku mbili tatu. Hilo haliwezi.

Muulize waziwazi mkiwa wawili tu, asubuhi akiwa ametulia, si usiku na si mbele ya watoto: "Umewahi kufikiria kujiua?" Wengi huogopa kuuliza wakidhani watampa mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Sivyo. Aliyekuwa nalo hupata nafuu kuona kuna mtu wa kumwambia, na asiyekuwa nalo atakujibu hapana. Akikubali, endelea: kwa njia gani, lini, na hicho kitu anacho? Mtu aliyekwisha kuchagua njia na anacho kitu chake mkononi ni wa kupelekwa dharura siku hiyo hiyo, hata ikiwa ni saa nane za usiku, na haachwi peke yake hata chooni mpaka aonwe na daktari. Hapo Amu mlango wenu ni Hospitali ya King Fahd.

Hata akisema hapana, leo hii toa nyumbani dawa ya panya, kamba, panga na visu vya samaki visivyotumika kila siku. Vidonge vyote viweke wewe au jirani unayemwamini, apewe vya siku moja moja. Tramadoli na Valium zikimezwa nyingi kwa pamoja huzima pumzi usingizini, kwa hiyo akiba ya vidonge chini ya mto ni hatari kuliko kisu. Namba 1199 ya Msalaba Mwekundu wa Kenya hupigwa bure, nawe pia waweza kuipiga kwa ajili yako.

Kuna familia zilizokuwa zikificha jambo hili kwa kuogopa polisi, kwa sababu kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume cha Katiba. Hofu hiyo isiwazuie kwenda hospitali.

Sasa swali lako la kwanza. Hayo ni maradhi, na yanatibika. Kukesha akilinda, kushtuka kwa mlio, kurudi vitani usingizini, kuukimbia umati na kujiona mzigo: dalili hizi zikikaa pamoja kupita mwezi mmoja baada ya mtu kuponea kifo, madaktari huziita kiwewe, na kwenye cheti utaona herufi PTSD. Uvivu haumkeshi mtu dakani. Mwili wake ulifunzwa kwa miaka kwamba aliyelala ndiye anayekufa, na bado unaitii amri hiyo.

Lakini tunashuku kuna jambo la pili ambalo watu wa nyumbani hawalioni. Mlipuko uliopasua sikio mpaka likavuja damu unaweza kuwa umetikisa na ubongo. Kichwa kuuma kila siku, kusahau, kukereka na mwanga, hasira za ghafla: haya yanaweza kutoka kwenye mtikisiko huo, wala si kiwewe peke yake, na matibabu yake hayafanani. Ndiyo maana lazima achunguzwe yote mawili. Akipigwa picha ya kichwa na ikatoka safi, shemeji asije akasema anajifanya. Mtikisiko wa aina hiyo mara nyingi hauonekani kwenye picha. Ila kichwa kikizidi kuuma siku hadi siku, akitapika, akipata kifafa au mkono ukafa ganzi, hiyo ni dharura.

Na kuna sababu ya tatu ya kile kichwa: dawa zenyewe. Anayemeza tramadoli siku 10 au zaidi kwa mwezi, au Panadol siku 15, kwa miezi mitatu hivi, hufika mahali dawa ikawa ndiyo inayoleta maumivu. Kinauma, anameza, kinatulia, dawa inaisha mwilini, kinauma tena. Mzunguko huo huvunjwa kwa kupunguza dawa chini ya daktari.

Hapa tafadhali usifanye haraka. Usimnyang'anye Valium kwa siku moja. Aliyeizoea kila siku akikatiwa ghafla anaweza kupata kifafa au kuchanganyikiwa. Hupunguzwa kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, daktari akipanga kipimo. Kwanza andika ukweli: ni vidonge vingapi kwa siku, vya miligramu ngapi, tangu lini. Muguka nao una sehemu yake. Unaotafunwa alasiri bado uko kazini saa sita za usiku. Anza kwa kumwomba aishie adhuhuri, kisha apunguze fungu. Kahawa tungu ya magharibi barazani nayo ihamie asubuhi.

Kuhusu kumwamsha: usimguse tena, wala watoto wasimguse. Simama upande wa miguuni, mbali na urefu wa mkono wake, washa taa, umwite kwa jina lake kwa sauti ya kawaida. Jina lake, usimwite cheo. Kisha mwambie alipo: "Upo nyumbani, Amu. Ni usiku wa Jumanne. Ni mimi, mama fulani." Rudia mpaka akujibu kwa maneno yanayoeleweka, ndipo usogee. Akiwa macho lakini macho hayakuoni, mpe kitu cha baridi ashike, au maji anawe uso, na umwombe akutajie vitu vitano anavyoviona chumbani. Usimuulize ameota nini saa hiyo. Kulala vyumba tofauti kwa sasa ni busara. Mwambie wazi kwamba humkimbii, mnalindana mpaka dawa zishike, maana asipoambiwa atadhani ndoa imekwisha.

Kukabwa koo na mtu aliye usingizini na kupigwa na mtu aliye macho ni mambo mawili. La kwanza ni ugonjwa, na dawa yake ni hiyo mipango. La pili, kama lipo na hukuliandika, halina udhuru wa vita. Akikuinulia mkono akiwa macho, au akimpiga mtoto, toka usiku huo huo. Namba 1195 ni ya bure kwa waliodhulumiwa majumbani. Weka kitambulisho chako, vyeti vya kuzaliwa vya watoto na nauli kwa jirani mapema, hata kama unaamini hutavihitaji.

Jinsi ya kumfikisha hospitali. Mpeleke kwa ajili ya sikio na kichwa. Hapo hakuna uongo wowote, anavyo vyote viwili, na hakuna atakayemwona Langoni akaona aibu kwa mwanamume kupimwa sikio. Aingie kliniki ya kawaida kama watu wote. Kabla ya siku hiyo andika karatasi moja, upande mmoja tu: tarehe ya mlipuko na mahali, alipoteza fahamu au la na kwa muda gani, sikio, kichwa kwa wiki mara ngapi, saa anazolala, ndoto, yale ya fataki na daku, dawa na muguka kwa hesabu, na lile neno alilokwambia. Mpe daktari mkononi mnapoingia. Askari akiulizwa "unaendeleaje?" atajibu "niko sawa" hata akiwa hajalala wiki nzima, na daktari mwenye foleni ndefu atampa Panadol na kumruhusu aende. Karatasi ndiyo itakayosema.

Omba mambo matatu: kipimo cha usikivu cha masikio yote mawili chenye mchoro uliochapishwa, aonwe na mhudumu wa afya ya akili hapo hapo, na barua ya rufaa kwenda kwa daktari bingwa wa akili. Kama huko Lamu hayupo, rufaa iandikwe Malindi au Mombasa. Hakikisheni mmejisajili SHA, bima ya afya ya serikali, kwa *147# na michango imelipwa kabla ya kupanda boti. Na kama aliendelea kuchangia bima ya matibabu ya jeshi baada ya kustaafu, mwende na kadi hiyo pia.

Safari yenyewe ina mtego. Barabara ya Mokowe, Witu hadi Garsen ina vizuizi, watu wanateremshwa na vitambulisho, na mara nyingine mabasi husindikizwa na askari. Kwake hilo si basi, ni msafara. Wagonjwa wengi wa namna hii huvunja safari ya kwanza kwa sababu hiyo, na nyumbani wanasema amekataa matibabu. Mwambie mapema kila mahali mtakaposimama. Achague kiti mwenyewe, na kama anataka cha nyuma kabisa mwachie. Asikeshe na muguka usiku wa kuamkia safari. Mchukue ndugu mmoja mtulivu, na huyo asiwe yule anayesema ni uvivu. Mkiweza nauli ya ndege kutoka Manda kwa ile safari ya kwanza tu, si anasa.

Dawa atakazopewa huenda zikawa za kundi la setralini au fluoksetini, zinazotuliza wasiwasi na huzuni. Zijue hivi, kwa sababu hapa ndipo wengi huacha njiani. Wiki ya kwanza na ya pili zinaweza kuleta kichefuchefu, wasiwasi na usingizi mbovu zaidi, na hakuna faida inayoonekana. Faida huanza wiki ya nne hadi ya sita. Siku hizo za mwanzo mwangalie kwa karibu zaidi kuhusu lile wazo la kujiua. Akipata nafuu asiache. Kwa kawaida huendelea miezi 6 hadi 12 baada ya hapo, na huachwa kwa kupunguza. Daktari lazima ajue kuhusu tramadoli, kwani ikikutana na dawa hizi inaweza kuleta homa kali, kutetemeka, moyo kwenda mbio na hata kifafa. Mwezi wa Ramadhani si sababu ya kuzikata. Kipimo ni kimoja kwa siku, kinaweza kumezwa baada ya futari au wakati wa daku, ila saa isibadilike.

Vidonge peke yake havitoshi. Tiba yenye nguvu zaidi kwa kiwewe ni ya mazungumzo yenye mpango maalumu, vikao 8 hadi 15 hivi, kwa kawaida kimoja kila wiki, ambavyo mtu hufunzwa kuikabili kumbukumbu taratibu na kuirekebisha ile hukumu aliyojikatia, mara nyingi "wao walikufa, mimi mbona nimebaki". Kabla ya kulipa nauli, muulizeni mshauri kama amefunzwa tiba ya kiwewe na huchukua vikao vingapi. Anayemwambia mgonjwa asimulie yote siku ya kwanza kisha amrudishe nyumbani na machozi yake anaweza kumwongezea maradhi. Kwenda Malindi kila wiki kutoka Amu hakuwezekani kwa watu wengi, kwa hiyo ombeni vikao vichache vya mwanzo ana kwa ana na vilivyobaki kwa simu, mume wako akiwa chumba cha ndani na mlango umefungwa.

Mwalimu aliyeletwa na mama mkwe usimfukuze. Kusomewa Kurani hakugongani na dawa, na mgonjwa aliyetulizwa moyo hupona vizuri. Weka mipaka mbele ya mama mkwe kwa heshima: hakuna kumpiga, kumfunga wala kumshindisha njaa, hakuna unga au maji ya miti ambayo daktari hajayaona, na hakuna kumwambia aache vidonge. Mwalimu mwenye hekima ana kazi nyingine kubwa hapo. Amsaidie kurudi msikitini kwa hatua. Waanze na alasiri siku za kawaida, safu ya mwisho, karibu na mlango, mwalimu ubavuni kwa lile sikio lake zima. Akishtuka wabaki pale pale dakika chache mpaka moyo utulie, maana anayetoka mbio kila mara huongeza hofu. Wakizoea wiki mbili tatu waende magharibi. Ijumaa iwe mwisho kabisa.

Idi ijayo msingoje fataki ziwakute. Usiku wa mkesha mpeleke Matondoni au Kipungani kwa jamaa, mrudi asubuhi. Akibaki Langoni, watoto wa mtaa waambiwe, na kijana wako ndiye awaambie.

Huyo kijana anahitaji maneno ya kweli kutoka kwako. Mwambie baba yake aliumia kazini, mahali pa kuumia hapaonekani, anatibiwa, na hasira zile hazikuletwa na mtoto yeyote. Usimfanye mlinzi wa baba yake. Mtoto wa miaka 14 anayekesha kusikiliza kelele za chumba cha pili atafeli shuleni, kisha mtatafuta pepo wa pili.

Fidia. Uliyoambiwa dirishani si jibu. Ombi huandikwa na hujibiwa kwa maandishi. Kinachoangusha maombi mengi ya namna hii ni kukosa karatasi inayounganisha ugonjwa na kazi. Ugonjwa upo, kazi aliifanya, lakini hakuna daktari aliyeandika sentensi moja kwamba hiki kimetokana na kile. Ndiyo sababu tumesisitiza hospitali kwanza.

Mume wako akae na mtu wa kumsaidia, aandike maelezo ya tukio: tarehe, saa, barabara, kikosi chake, kamanda wake, waliokuwemo garini, alitibiwa wapi, alirudi kazini lini. Ataje operesheni kwa jina lake. Ile ya Boni ilianza Septemba 2015 ikiitwa Linda Boni na baadaye ikaitwa Amani Boni. Ya Somalia ilianza Oktoba 2011 ikiitwa Linda Nchi, na mwaka 2012 vikosi vyetu vikaingia chini ya AMISOM, kikosi cha Umoja wa Afrika huko Somalia, iliyogeuka ATMIS Aprili 2022. Faili huenda iko chini ya jina lolote kati ya hayo, na karani asiyeelekezwa pa kuanzia hataipata. Wenzake wawili waliokuwepo waandike nao na kutia sahihi, ikiwezekana mbele ya wakili. Kuandika haya kunaweza kumrudisha kule kule, kwa hiyo yaandikwe mchana, nusu saa kwa siku, na si kabla ya kuanza matibabu.

Kisha aombe kwa barua nakala ya rekodi zake za matibabu jeshini. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaitaka ofisi ya umma ijibu ombi ndani ya siku 21, na rekodi anazoziomba ni za mwili wake mwenyewe. Barua iwe na nambari yake ya jeshi, ipigwe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala anayobaki nayo, au itumwe kwa Posta kwa rejista na risiti ihifadhiwe.

Rekodi zikipatikana, aiandikie ofisi ya pensheni ya Wizara ya Ulinzi, Ulinzi House, Nairobi, akiomba achunguzwe na bodi ya madaktari kwa jeraha lililotokana na utumishi. Aambatanishe cheti cha kutoka jeshini, maelezo ya tukio, ya mashahidi, mchoro wa usikivu, na ripoti ya daktari. Ripoti hiyo iseme mambo manne: ugonjwa ni upi, ulianza lini, umetokana na nini, na unamzuia kufanya nini. "Ana PTSD, anatumia dawa" haisaidii kitu. "Hawezi kulala zaidi ya saa tatu, sikio la kulia limepoteza usikivu kiasi hiki, hawezi kufanya kazi penye kelele, hali iliyoanza baada ya mlipuko wa tarehe fulani" hiyo inasomeka. Asitume karatasi halisi hata moja. Wakinyamaza, lalamiko hupelekwa Tume ya Haki ya Utawala bila malipo, na hapo zile risiti za Posta ndizo ushahidi.

Mwende pia kwa chama cha wanajeshi wastaafu, DEFOCA. Huko kuna watu waliokwisha kuzungushwa na karatasi hizi hizi, na Sheria ya Maveterani wa Kijeshi ya 2022 imewapa mahali pa kusimamia madai yao. Mara nyingi askari aliyekataa kumsikiliza daktari humsikiliza askari mwenzake aliyemeza vidonge hivyo hivyo. Ukipata mmoja, mwombe aje barazani, asije kama mtoa nasaha.

Usajili wa ulemavu katika Baraza la Taifa la Watu wenye Ulemavu ni kitu kingine kabisa, msichanganye. Huo hupitia uchunguzi wa hospitali ya serikali, unahesabu usikivu na pia maradhi ya akili, na una nafuu ya kodi. Fanyeni vyote viwili. Atakayewaambia ataiharakisha pensheni kwa asilimia fulani, au akaomba kadi ya benki na namba ya siri, msimpe hata nakala ya kitambulisho.

Wewe nawe kagua jambo moja. Kama nikahi yenu haijasajiliwa, nendeni kwa kadhi mkaisajili sasa, na uhakikishe jina lako na majina ya watoto yamo kwenye fomu yake ya warithi jeshini. Sheria ya Ndoa ya 2014 inataka ndoa zote zisajiliwe, za Kiislamu zikiwemo, na mjane asiye na cheti huhangaika miaka.

Mwisho umeuliza kuhusu Faza. Kama hajawahi kukuinulia mkono akiwa macho, na amekujibu swali letu la kwanza kwamba hana mpango wa kujidhuru, hatuoni sababu ya kuhama. Kuondoka kwa ghafla baada ya lile neno lake kutamthibitishia kwamba ni kweli mnaishi kwa amani asipokuwepo. Kama jibu lake lilikuwa la hatari, mtu wa kutoka nyumbani ni yeye, aende hospitali, nawe uende naye, watoto wabaki kwa bibi yao siku hizo. Na kama huna usingizi hata wewe, peleka watoto Faza wikendi moja kwa mwezi na mtu wa upande wake aje alale hapo, ili upate usiku mzima usiokuwa wa zamu. Mwambie tarehe ya kurudi kabla hujatoka, na urudi siku hiyo.